Kidevu Kifuani: Siku Moja ya Mwalimu wa Michezo, Tanga

Saa 11:00 alfajiri

Adhana, swala, chai. Hamri mbili na mbaazi za jana, kisha baiskeli. Kutoka Makorora hadi shuleni sihitaji daladala, na mji huu umetandazwa kwa ajili ya baiskeli: tambarare, na asubuhi una kaupepo ka bahari. Kwenye keria nimefunga turubai jipya nililolichukua kwa fundi wa Ngamiani.

Saa 1:00 asubuhi

"Shikamoo mwalimu!"

"Marahaba wanangu. Kila mtu ashike pembe yake, msiyaburute."

Vijana wa Darasa la Saba wananisaidia kutoa magodoro stoo kabla ya paredi. Tunayo manne. Ni sponji za magodoro ya kulalia zilizokatwa, zikapangwa tabaka mbili na kushonewa turubai juu. Kila asubuhi napiga kila godoro kwa ngumi katikati na kwenye kingo. Ngumi ikigonga ardhi, sponji hiyo imekufa na lazima ibadilishwe. Likiwa laini kupita kiasi nalo halifai, kwa sababu mikono ya mtoto inazama, kichwa kinashuka mapema na shingo inabeba kazi isiyo yake. Halafu kuna unyevu wetu wa pwani. Godoro lisipoota jua, ndani ya wiki linanuka ukungu, na mtoto hawezi kutuliza akili pua yake ikiwa imekunjamana.

Tunayapanga chini ya mwarobaini. Upande wa pili kuna minazi yenye kivuli kizuri zaidi, lakini nazi haimjui mtoto wa mtu. Naokota vijiti na mbigili, nafagia, basi.

Watu huniuliza kwa nini nisiwapeleke ufukwe wa Raskazone, mchanga ni wa bure. Mchanga mkavu unakimbia chini ya viganja, ule uliolowa maji yakishakupwa ni mgumu, na wote unaingia machoni. Ufukweni tunakwenda kukimbia na kuruka. Kubiringika tunafanyia hapa.

Saa 2:40

Darasa la Tatu, somo la Sanaa na Michezo, dakika 40, watoto zaidi ya sitini. Kwanza ukaguzi: viatu pembeni, hereni, kalamu na sarafu mfukoni, pipi mdomoni. Wasichana wote wana suruali za michezo chini ya sketi, na wanaovaa mtandio wanabadilisha na ule wa kuingiza kichwani usiohitaji pini. Pini ya mtandio ni kitu kidogo sana mpaka umwone mtoto anaiviringikia.

Nusu ya darasa inakwenda kwenye magodoro, nusu inatembea juu ya mistari ya chokaa na kuruka matairi chini ya usimamizi wa mwenzangu. Kisha tunabadilishana. Mtoto aliyesimama foleni dakika kumi hajifunzi michezo, anajifunza kusukumana.

Tunaanza na mbembeo. Kaa, kumbatia magoti, kidevu kifuani, jiangushe nyuma mpaka mabegani, rudi ukae. Hapo ndipo ninapotumia muda mwingi, na nitaendelea kuwabishia wanaotaka kumrusha mtoto moja kwa moja kwenye kubiringika mbele. Mbembeo unanionyesha kila kitu: nani anafungua magoti katikati ya safari, nani anainua kidevu akitafuta mbingu, nani mgongo wake umenyooka kiasi kwamba anagonga godoro paa! badala ya kuteleza juu yake.

Halafu gogo, yaani kulala umenyooka, mikono juu ya kichwa, na kubiringika ubavu kwa ubavu. Linaonekana jepesi, lakini miguu ya wengi inatangulia na mabega yanabaki nyuma. Wakisimama wanayumba na kucheka. Ndani ya sikio kuna mifereji mitatu yenye majimaji. Mwili ukisimama, majimaji hayo yanaendelea kuzunguka kidogo, na ubongo unaamini bado unabiringika. Ninawaambia waukazie macho mlingoti wa bendera mpaka utulie, kisha warudi kwa kubiringikia upande mwingine.

Mmoja wa wanafunzi wangu ana Down sindromu, hali ya kuzaliwa nayo inayochelewesha ukuaji wa mwili na akili, na ndiye bingwa wa gogo darasani. Kubiringika mbele hafanyi. Kwa watoto wenye hali hiyo, kiungo kati ya pingili ya kwanza na ya pili ya shingo kinaweza kuwa kimelegea, kwa hiyo simpindui kichwa chini mpaka daktari aseme, hata aombe vipi. Kazi yake leo ni kuonyesha wenzake jinsi miguu na mabega vinavyokwenda pamoja, naye anaifanya kwa fahari.

Sasa kubiringika mbele. Nimeegemeza ubao mpana kwenye tairi na kutandika godoro juu yake, ili mtoto aanzie juu na mteremko umsaidie. Chuchumaa. Viganja chini, upana wa mabega, vidole vikitazama mbele. Kidevu kifuani. Inua makalio, tazama kitovu chako, sukuma kwa miguu. Uzito ni wa mikono. Kisogo kinapita tu, mabega ndiyo yanayopokea. Utosi haugusi kitu. Shingo ina pingili saba tu, na mtoto wa miaka tisa ana kichwa kikubwa kwa mikono aliyonayo, ndiyo maana sina haraka.

Binti mmoja mfupi wa mstari wa nyuma amekuwa akiweka utosi tangu tuanze somo hili. Nikimwambia kidevu kifuani anakiweka, lakini akishainua makalio kinaondoka bila yeye kujua. Leo nimetoa kitambaa changu cha mkono, nikakikunja mara nne na kumbana nacho chini ya kidevu.

"Kisianguke mpaka ukae mwisho wa godoro."

Mara ya kwanza kilianguka hata kabla hajasukuma. Akakiokota mwenyewe, akakirudisha. Mara nyingine kilidondoka katikati. Halafu akaenda, mgongo ukapita mzima mzima bila kishindo, na akajikuta amekaa kitako kule mwisho, kitambaa bado kimebanwa, ananitazama kwa pembe ya jicho bila kuthubutu kukiachia. Wenzake wakapiga makofi kabla yangu.

Simsukumi mtoto. Nimeona watu wazima wakimshika mtoto kisogoni na kumkandamiza ili azunguke, au wakimnyanyua miguu kwa nyuma. Mtoto anazunguka kweli, ila amezungushwa, na kesho akiona godoro anakakamaa. Mimi napiga goti ubavuni kwake, mkono mmoja nyuma ya paja, mwingine tayari kupokea mgongo wa juu. Asiyetaka leo anarudi kwenye mbembeo, na hakuna anayeruhusiwa kumcheka.

Saa 4:00

Mapumziko, uji. Mara tu baada ya uji hakuna kubiringika, tumbo lipumzike.

Bibi wa mwanafunzi wangu mmoja ananisubiri kivulini, kanga mbili, mkongojo.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Nimesikia mnawapindua watoto wa kike kichwa chini miguu juu. Shingo ikivunjika? Na stara iko wapi?"

Ni maswali ya haki, na mtu aliyetembea juani kuja kuyauliza anastahili kujibiwa kwa vitendo. Nimemkalisha karibu na godoro, nikamwita mjukuu wake, ambaye alikuwa bado hajaanza uji.

"Tazama kichwa chake, bibi. Usitazame miguu."

Mtoto akabiringika, akasimama. Bibi akataka arudie. Akaangalia tena, safari hii ameinama.

"Kichwa hakigongi."

"Hakigongi, bibi. Na akijikwaa barabarani atajua kujikunja asianguke kama mzigo."

"Basi hiyo suruali ni fupi. Nitamshonea nyingine, ifike miguuni."

Saa 5:00

Hisabati, Darasa la Tano. Sehemu. Tumemaliza salama.

Saa 7:00 mchana

Darasa la Sita, jua la utosi. Tumehamia upande wa ukuta wenye kivuli. Hawa wanataka kubiringika nyuma, na hapa mimi ni mgumu. Ukienda nyuma, mikono isiposukuma kwa wakati, mwili wote unapita juu ya shingo. Kwa darasa kubwa na mwalimu mmoja godoroni, siufundishi kwa wote. Wanaoweza mbembeo mpaka viganja viguse godoro pembeni ya masikio ndio wanaopanda kwenye mteremko. Waliobaki wanabiringika nyuma kupitia bega moja, kichwa kimeinamia upande wa pili, na shingo haipati mzigo.

Kuna kijana anayepiga sarakasi ufukweni jioni, anajirusha nyuma hewani na kutua kwa miguu. Kwake haya ni ya watoto wadogo. Nimemwomba abiringike mbele polepole, asimame bila kugusa chini kwa mikono. Hakuweza. Alizoea kasi imfanyie kazi. Nimemwonyesha kuleta visigino karibu na makalio na kunyoosha mikono mbele anapomaliza, na kengele ililia bado anarudia, peke yake.

Saa 9:30 alasiri

Wachache wamebaki kunisaidia kurudisha magodoro, nami nikawaonyesha kwenye simu mruko mmoja wa Simone Biles, mwanajimnastiki Mmarekani mwenye medali 4 za dhahabu za Olimpiki ya Rio 2016 na nyingine 3 za Paris 2024. Kimo chake ni sentimita 142. Binti wa kitambaa alipumua kwa nguvu aliposikia hivyo. Nikaisimamisha picha pale alipojikunja hewani: magoti kifuani, kidevu ndani. Mwili uliojikusanya unazunguka haraka kuliko ulionyooka, na ni mkunjo uleule wa mbembeo wetu.

Kijana wa Darasa la Sita aliuliza kama sarakasi inasomewa. Nimemweleza kuhusu TaSUBa, Taasisi ya Sanaa na Utamaduni pale Bagamoyo, iliyoanza kama Chuo cha Sanaa mwaka 1981. Bagamoyo anaijua, shangazi yake anaishi huko. Nimemwambia amalize shule kwanza, na kesho aje mapema.

Saa 2:00 usiku

Andalio la somo. Darasa la Tatu wanabaki kwenye mteremko wiki nzima, isipokuwa wanane watakaojaribu godoro la bapa. Binti wa kitambaa ni mmojawapo, na kitambaa atabaki nacho. Kijana wa sarakasi ataanza kubiringika kwa miguu iliyopanuliwa. Lile turubai jipya ni la godoro la tano. Sponji fundi ameahidi kesho kutwa, na likishashonwa foleni zitapungua.