Kila saa nne

Mpaka leo nikisikia mtu anamwambia mgonjwa "kunywa kila saa nne" nageuza shingo, hata kama mgonjwa si wangu na hainihusu. Ngoja niwasimulie ilivyokuwa.

Nilikuwa mwaka wa tatu wa masomo ya tiba, roteshini (zamu ya mafunzo kwa vitendo) ya mwisho kabla ya mitihani, na kura ikanitupa kaskazini kule barabara inakoishia, kliniki ya vyumba vitano, umeme wa sola, gari la dawa linakuja kila baada ya wiki mbili na hapo ni kama mto haujajaa. Wenzangu wamebaki hospitali kubwa wanaingia tieta, mimi nimepangiwa wiki sita za tiba ya maumivu. Nilinuna, siwafichi. Kichwani mwangu tiba ya maumivu ilikuwa panado na neno pole.

Aliyenipokea ni sista mmoja mtu mzima, mfupi, anaongea taratibu mpaka unatamani kummalizia sentensi. Ndiye aliyekuwa kila kitu pale. Daktari alikuwa anapita mara moja kwa mwezi, siku zingine zote morfini, ile dawa kali ya maumivu, anaandika yeye, alisomea na alikuwa na kibali, jambo ambalo nchi nyingi bado zinaona ni la madaktari peke yao (Uganda waliruhusu kisheria mwaka 2004 manesi na matabibu waliosomea waandike, na ukikaa sehemu kama ile unaelewa kwa nini, maana vinginevyo mgonjwa angesubiri mwezi mzima ndio apate dawa ya maumivu ya leo).

Kabati la morfini lilikuwa na kufuli mbili, funguo moja anakaa nayo yeye, nyingine akanipa mimi. Kila jioni tunafungua, tunashika chupa moja moja, tunaziinua usawa wa macho, tunasoma mstari, tunaandika kwenye daftari, saini mbili. Kila jioni. Hata siku ambayo hakuna aliyepewa kitu. Mimi nikawa naona ni kupoteza muda, nasaini huku nawaza kupanda kile kilima chenye netiweki.

Wiki ya pili, Jumatatu, kama saa tano hivi, ikaingia pikipiki imebeba watu watatu, dereva mbele, binti nyuma, na katikati mzee kashikiliwa kama mzigo wa vyombo. Saratani ya tezi dume, ilishatambaa kwenye mifupa ya mgongo, alikuwa anatumia tramado, dawa ya maumivu iliyo chini ya morfini, na imeshashindwa. Nikamwamkia, shikamoo babu, akajibu marahaba mjukuu wangu, samahani sitakaa. Akasimama pale mbele ya meza yetu kainama, viganja viwili juu ya meza, mikono kainyoosha, uzito wote kaupeleka mikononi. Aliongea na sisi karibu nusu saa akiwa hivyo hivyo. Alipoinua mikono mwishoni viganja vyake viliacha alama mbili za jasho kwenye ile meza, na vidole vyote kumi unavihesabu.

Kipimo tulichokuwa tunatumia ni cha mkono, ngumi maana yake hakuna maumivu, kidole kimoja kidogo tu, vitano ndio maumivu ambayo huwezi kuwaza yanayozidi hapo. Nikamwambia babu nionyeshe. Akainua vitano, akafikiri, akauliza naweza kuongeza na huu mwingine?

Sista akamlaza akamwambia ainue mguu mmoja, kisha wa pili, akamkandamiza nyayo, akamuuliza kama mkojo unatoka vizuri na kama kuna ganzi mapajani. Baadaye alinieleza kwamba saratani ikishaingia uti wa mgongo inaweza kuubana ule mshipa mkuu wa fahamu, miguu ikaanza kulegea, na hapo habari si ya chupa tena, ni ya kumkimbiza hospitali siku hiyo hiyo. Miguu ilikuwa na nguvu. Basi akaandika morfini ya maji, miligramu tano kwenye kila mililita tano, chupa ya siku saba, na ya kulainisha choo juu yake maana morfini inafunga choo karibu kwa kila mtu. Akanigeukia, haya, waelekeze wewe.

Nikajipanga. Hili nililijua. Darasani tulikaririshwa mpaka basi: ngazi ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 1986, dawa ipitie mdomoni, ipande kwa ngazi, yaani kutoka nyepesi kwenda kali, itolewe kwa saa. Mwaka 2018 walipotoa mwongozo mpya ile ngazi wakaishusha ikawa kama msaada wa kufundishia tu, ila saa wameiacha pale pale. Na sababu ni rahisi, morfini ya kunywa inakaa mwilini kama masaa manne, ukisubiri maumivu yarudi ndio unywe unakuwa unakimbizana nayo na yenyewe yana mbio kuliko wewe.

Binti alikuwa na hofu yake. Kaambiwa na watu kwamba ukipewa hiyo dawa maana yake wamekukatia tamaa, na kwamba baba atageuka teja. Hapo nikatiririka, nikamweleza kwamba dawa hii ni ya maumivu sio ya kumuaga mtu, kwamba watu wanaitumia miezi na wengine miaka, nikaona uso unafunguka, nikajisikia daktari kamili. Nikavuta sirinji isiyo na sindano mpaka alama ya tano, mzee akanywa palepale, akakunja uso kwa uchungu wake. Kisha ndio nikasema maneno yangu. "Umpe tano kila saa nne, ila ile ya usiku ya kulalia umpe kumi, asiamke usiku wa manane kwa ajili ya dawa."

Sasa niwaambie kitu. Mwalimu wangu wa Kiswahili sekondari alikuwa hataki kabisa kusikia "masaa". Hakuna masaa, ni saa, saa moja saa mbili saa kumi, ukisema masaa unasimama mpaka kipindi kiishe. Nilisimama sana. Kwa hiyo mbele ya wagonjwa nilikuwa nasema Kiswahili kilichonyooka, kila saa nne, na nilikuwa najisikia vizuri kukisema.

Nikamwambia binti hebu rudia. Akarudia bila kukosea hata herufi: kila saa nne, tano, na ya usiku kumi. Nikaandika kwenye faili, ndugu ameelewa.

Alhamisi saa tatu asubuhi wakarudi. Siku ya saba ilikuwa bado. Mzee kainama kwenye meza ileile. Vidole vinne, kidole gumba kakikunja nusu, kama vile hataki kutuudhi. Nikamuuliza maswali kwa kufuata karatasi. Usiku je babu? Akasema usiku namshukuru Mungu, nikishakunywa nalala kidogo, ila likifika jogoo la kwanza mgongo unawaka mpaka kunakucha. Na mchana? Mchana naongea na watu vizuri mpaka kama saa nane hivi, halafu linarudi, nabaki nalihesabu mpaka usiku. Nikaandika: usingizi wastani. Mchana wastani. Yaani mtu ananisomea ratiba yote na mimi naandika wastani.

Nikaenda pembeni na sista nikampa mpango wangu, kwamba dozi ni ndogo, tuipandishe mara mbili, kumi kumi na usiku ishirini. Nilikuwa na hoja zangu zote mkononi. Yeye hakunijibu. Akamwambia binti mwanangu nipe hiyo chupa.

Akaiinua dirishani usawa wa macho, vilevile tunavyofanya kila jioni. Akakaa kimya kama anasubiri maji yatulie. Akanipa mimi. "Soma."

Mia moja sitini na tano, kama hivi.

"Tulitoa ngapi?"

Mia mbili na kumi.

Nikaanza kuhesabu kwa sauti na nikaona sauti inanishuka yenyewe. Kwa siku ni mililita thelathini, tano mara nne na kumi za usiku, kuanzia Jumatatu mchana mpaka asubuhi ile zilitakiwa ziwe zimeondoka kama tisini. Zimeondoka arobaini na tano. Wazo lililonijia kwanza, na naona aibu kulisema, ni kwamba binti anaogopa, anampunja baba yake. Nilimgeukia na uso ambao natumaini hakuuona.

Sista akauliza kwa upole wake ule ule, mama unampa saa ngapi?

Binti akatoa simu. Kiselula kidogo cha vitufe, kioo kimepasuka, kakifunga kwa mpira. Akabonyeza akatuonyesha, na alikuwa na fahari kabisa, maana hakukosa hata mara moja. Alamu mbili. 10:00. 22:00. "Kila saa nne," akasema. "Ya asubuhi tano, ya usiku kumi."

Saa nne. Asubuhi na usiku. Sijui kama nilikaa au nilisimama. Kafanya neno kwa neno nilichomwambia, na bado ndiyo maana ya kawaida kabisa ya hayo maneno, ukimwambia mtu yeyote basi linaondoka kila saa nne ataenda stendi saa nne. Mzee kakaa siku tatu na mililita kumi na tano kwa siku wakati anatakiwa thelathini, ananyamaza anajikaza kwa sababu dawa anakunywa na mjukuu wake kasema itasaidia.

Sista hakunigombeza, na heri angenigombeza. Alichukua karatasi akamwandikia binti: saa kumi na mbili asubuhi, saa nne asubuhi, saa nane mchana, saa kumi na mbili jioni, saa nne usiku. Tukakaa watatu juu ya kile kisimu tunaweka alamu tatu zilizopungua, betri ikawa imebaki kijistari kimoja, akaichomeka kwenye sola yetu ichaji. Dozi hatukuigusa. Tulipobaki wawili ndio akaniuliza, mpango wako ulikuwa sitini kwa siku, mwenzio alikuwa anapata ngapi kweli? Kumi na tano. "Na ungempandishia, halafu kesho mtu mwingine akamsahihishia masaa?" Mara nne kwa usiku mmoja, mzee wa umri ule, nyumbani, mbali na mtu yeyote wa kumwangalia anavyopumua. Nikasema nimeelewa, akasema hata binti ulimwandikia ameelewa.

Mimi nikaenda kwa binti kumwomba radhi. Nilimwambia kosa lilikuwa langu, nilivyosema ndivyo sivyo. Alinishangaa kidogo akasema si kitu kaka, ila ungesema masaa.

Jumatatu iliyofuata wakaja kuchukua chupa mpya. Mzee alikuja amekaa mwenyewe kwenye pikipiki, taratibu lakini amekaa. Tukamsogezea kiti akakitazama, akajishusha nusu nusu, akakaa. Ngumi, na kidole kimoja kimechungulia. Niliinua chupa dirishani kabla sista hajaniambia. Nilikuwa bado nasoma mstari mlio ukaanza kulia mfukoni kwa binti, ule mlio wa zamani wa simu za vitufe, saa nane kamili, na mzee akakatisha stori aliyokuwa anampigia sista, akanigeukia mimi, akafungua mdomo.