Nusura niongeze oili isiyohitajika

Jana nilitoka Kisumu na wazazi, tukapitia Kericho hadi Nakuru. Pale kituo cha mafuta, injini ndiyo tu imezimwa, kijana akafungua boneti, akachomoa kijiti cha kupimia oili mara moja na kuniambia, "Bosi, oili imeisha." Tayari alikuwa na chupa ya lita moja mkononi.

Mzee akasema, "Ngoja kwanza, mwanangu." Gari lilikuwa limeinama kwenye mteremko, na oili nyingi bado iko juu kwenye injini. Tukalisogeza mahali tambarare, tukazima, tukakaa kama dakika 10 ili oili ishuke kwenye sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini. Kisha Mzee akachomoa kijiti, akakipangusa kwa kitambaa, akakirudisha mpaka mwisho, akakichomoa tena. Mara hiyo ya pili ndiyo ya kusoma. Mara ya kwanza kijiti huwa kimepakwa oili ovyo. Oili ilikuwa karibu kabisa na alama ya juu!

Ningemimina ile lita, ingezidi kiasi, krenki, ule mhimili unaozunguka ndani ya injini, ingeipiga ikawa povu, na povu halilainishi chuma. Nilishtuka sana. Asante, Baba. Leo asubuhi kabla ya kuwasha nimepima mwenyewe: iko palepale.