Korosho za debe, na jinsi nilivyoacha kuzionea aibu

Mi nabangua na kuuza korosho hapa Mtwara mjini, nyumbani Magomeni, toka 2019. Nilianza na laki moja na elfu themanini ya kikoba na debe la mama. Kuna kipindi kirefu nilikuwa naamka asubuhi sitaki hata kuliona hilo debe, nalala tena mpaka saa nne, na kila nikimwambia mtu ananiambia ni mtaji umeyumba, tafuta mkopo. Mtaji ulikuwa umeyumba kweli ila haukuwa huo uliokuwa unanimaliza, na imenichukua miaka kuligundua hilo.

Kwa asiyejua, sisi huku tunachoma hivi. Unachukua debe unalipasua unalitoboa matundu kwa msumari, unaweka kwenye mafiga na kuni, unamwaga korosho na maganda yake, unakoroga na mti mrefu maana ganda la korosho lina mafuta makali, yakipata joto yanatoka na moto unashika debe zima linawaka juu, hapo usipowahi zinaungua zote, ukiwahi sana zinakuwa mbichi. Unamwaga chini mchangani zinazimika, zikipoa unazipaka majivu ndo unaanza kugonga moja moja. Yale mafuta yakikugusa mkono yanababua ngozi, na hata yasipobabua yanaacha weusi kwenye vidole ambao sabuni haitoi, unakaa nao wiki. Moshi wake nao ni mkali, koo linawasha. Halafu korosho kilo tano ghafi ukishabangua na kumenya lile ganda la ndani jembamba unabaki na kilo moja na kidogo, basi. Ndo maana bei iko vile, na wateja wengi ukiwaeleza hiyo hesabu wanaelewa kabisa, sema mi kwa muda mrefu sikuwaeleza.

Sikuwaeleza kwa sababu nilikuwa najifanya nina kiwanda.

Nilipoanza kuuza kwenye simu niliona wenzangu wa Dar wana picha kali, korosho nyeupeee kama meno ya mtoto, lebo za dhahabu, nikaona mi na debe langu atanunua nani. Nikaenda stesheneri nikatengenezewa lebo ya jina la Kiingereza, chini ikaandikwa zimeandaliwa kwa mashine za kisasa, daraja la kwanza la kusafirishwa nje. Picha nilichukua mtandaoni. Kila oda nilikuwa nachambua zile zenye madoa ya moto naziondoa, zinabaki zile nyeupe nyeupe, na zikipungua naongezea za kununua kwa watu wenye oveni. Zenye madoa tunakula nyumbani au nauza kwa hasara stendi. Na zile ndo tamu! Zina ule moshi.

Kulikuwa na dada mmoja wa Dodoma, mtu wa ofisini, alikuwa anachukua kilo tatu kila mwezi bila kukosa. Agosti 2022 akaja Mtwara kwenye semina, akanipigia, "mdogo wangu nipo kwenu huku, nakuja kukiona kiwanda." Wakati ananipigia nipo uani na kanga mbili, nina moshi kichwani, debe linawaka. Nikamwambia dada leo mafundi hawapo, mashine ziko sevisi, nakuletea mzigo hapo hapo hotelini. Nikaoga haraka nikaenda Shangani alipofikia. Tunasalimiana akanishika mkono akaviona vidole, vyeusi mpaka kwenye kucha. Akauliza, umefanyaje mdogo wangu? Nikasema nimepaka piko.

Akaigeuza mikono yangu akaitazama vizuri akasema imekaa vizuri, na mimi nataka siku moja unielekeze anapopaka. Nikavuta mtandio nikafunika mikono mpaka tunaagana.

Kurudi nyumbani nilikaa kwenye kigoda nikalia, mama anauliza nini, siwezi kumwambia kwamba nimeukana mkono wangu mwenyewe. Debe la mama ndo lilinisomesha. Yeye ana vidole hivyo hivyo toka mi mtoto, hajawahi kuvificha kwa mtu.

Kuanzia hapo kazi ikanishuka. Simu ikiita naogopa, naona kama mtu anakuja kukagua. Mtu akisifia mzigo sifurahi, maana anachosifia sio kitu changu, ni ile lebo. Mnaofanya biashara mnajua, sifa ya mteja ndo inakuamsha kesho, sasa ukishafika mahali sifa inakuumiza unaamkia nini? Nikawa naposti yale maneno ya kutiana moyo, usikate tamaa, mafanikio yanakuja, naposti asubuhi narudi kulala. Mwaka wote wa 2023 uliniishia hivyo, mwezi nauza, mwezi siuzi.

Kilichobadilisha ni kimbunga. Mei 2024 kilipita kimbunga Hidaya, mvua ikapiga ukanda wote huu na barabara ya Dar ikakatika kule Kilwa maeneo ya Somanga, mabasi hayapiti, malori yamejipanga. Mi nilikuwa nimetuma mizigo ya watu kumi na moja kwenye basi. Kwanza nikanyamaza, nikasema barabara itafunguka hawatajua. Siku zikaenda. Halafu Jumapili ya tarehe 12 intaneti nayo ikasumbua nchi nzima, wasap haifunguki, statusi hazipandi, yaani nilibaki na simu ya kupiga tu na majina kumi na moja kwenye daftari.

Nikakaa kizingitini nikaanza kumpigia mmoja mmoja. Nikasema mi ni yule wa korosho wa Mtwara, mzigo wako umekwama njiani, na ukifika inawezekana umeingia unyevu, ukiona imekuwa laini au ina harufu ya kuchacha usile, nitakuchomea nyingine. Nilisema nitakuchomea, ulimi wenyewe uliteleza. Baba mmoja wa Morogoro akauliza, kwani unachoma wewe mwenyewe? Nikamwambia ndio mzee, uani kwetu, kwa debe. Akasema, ahaa, ndo maana kuna wakati nakuta moja mbili zina moshi, hizo nawaficha wajukuu nakula mwenyewe, kwa nini hujazi zote zikawa hizo?

Sikuwa na jibu la kumpa.

Yule dada wa Dodoma alikuwa wa nane kwenye orodha. Nikamweleza ya barabara, halafu nikaona nikikata simu hapa sitasema tena maisha, nikamwambia dada na kuna jambo jingine, sina kiwanda, sijawahi kuwa nacho. Akanyamaza. Akasema, kwa hiyo ile piko? Nikasema haikuwa piko dada, ni mafuta ya ganda. Akasema, "sawa mdogo wangu, asante kwa kuniambia." Mzigo wake nilimtumia mwingine bure barabara ilipofunguka, akajibu umefika. Hajaagiza tena mpaka leo na simlaumu hata kidogo, nilimdanganya ananitazama usoni huku ameishika mikono yangu.

Wiki ile nikatoa lebo zote. Mpya nilichapisha nyeusi na nyeupe tu, za bei ndogo, imeandikwa korosho za kuchoma kwa debe, Mtwara, zina madoa ya moto na harufu ya moshi, halafu tarehe ya kubanguliwa naandika kwa peni. Tarehe nilibishana nayo sana kichwani, kwa sababu mwezi wa saba mteja akiona zimebanguliwa mwezi wa pili anaweza kuziacha, ila nikasema aziache. Na vipande nikaacha kuvichanganya na nzima, navifunga peke yake nauza bei ya chini, nawaambia watu hivi twanga utie kwenye kisamvu, na cha ajabu vipande vinaisha kabla ya nzima. Walionihama wapo. Wengi tu. Mtu akiniambia anataka nyeupe za harusini namwelekeza kwa wenye oveni, sing'ang'anii.

Ila kusema ukweli kwenye lebo ni kazi nyepesi. Ngumu ilikuja Oktoba ya mwaka ule ule. Saa nne usiku akaja kijana wa bodaboda na magunia mawili, anataka nimpe hela usiku huo huo, bei ya kutupa. Kangomba. Wasio wa huku, kangomba ni ile biashara ya kumnunulia mkulima korosho kwa kificho nje ya chama cha msingi, kile cha ushirika wa wakulima ambako korosho zinauzwa kwa mnada, mnamvizia ana shida, hana hela ya unga, hajafikia mnada, mnapima kwa kopo lililojaa mpaka linamwagika mnahesabu kilo moja. Ni kosa kisheria, lakini mi hata sheria iweke pembeni. Shamba letu lipo Tandahimba, ni la mjomba, na kwetu mjomba ndo mwenye neno. Mwezi wa sita nilikuwa naye shambani nikamwona anavyopuliza salfa kukinga ubwiriunga, ule ugonjwa wa unga mweupe, kwenye maua, kitambaa mdomoni, anakohoa mpaka anakaa chini. Na mama yangu mwaka ambao baba aliumwa alitoa korosho zetu kangomba, nilikuwa mdogo lakini nakumbuka siku ya mnada ilivyotangazwa bei, alikaa jikoni hakupika.

Na mimi mali nilikuwa sina. Magunia yale yangenifikisha Disemba vizuri kabisa. Nilimwambia kijana arudishe alikotoa, akanitukana, akaondoka kwa mwingine. Disemba nikaishiwa kweli, nikakataa oda za kilo kumi na nne kwa siku chache, nawaandikia tu zimeisha mpaka tubangue nyingine, moyo unauma maana Disemba ndo mwezi wenyewe. Lakini asubuhi nilikuwa naamka. Hilo ndo nililigundua, hela imepungua na bado saa kumi na moja nipo uani napanga mafiga bila kusukumwa na mtu.

Miezi migumu bado ipo, kuanzia Machi mpaka msimu mpya. Kinachonisaidia ni kwamba nachoma Jumatatu na Alhamisi, oda iwepo isiwepo, hata kilo mbili tu ghafi, kwa sababu jirani yangu na binti yake wanamenya kwangu kwa kilo na wakikaa wiki bila kazi wanakosa kitu kabisa, kwa hiyo siku ninayotaka kulala kuna mtu anagonga mlango anauliza leo tunamenya? Hela ya biashara ipo kwenye laini ya simu ya peke yake, siigusi kwa ada ya shule wala kwa sherehe za unyago, na ndugu wamekasirika mpaka wamezoea. Daftari naandika kila usiku, nimechoma ngapi, zimeungua ngapi, nani kalalamika na kalalamika nini. Maneno ya kutiana moyo sipost tena, siku sina cha kusema nanyamaza, siku ninacho naweka picha ya vidole vyangu na debe linawaka. Februari mwaka huu nimekaa siku tisa bila oda hata moja, na nilikuwa na hofu, siwezi kusema sikuwa nayo, ila haikuwa ile hofu ya simu kuita.

Sasa hivi debe la zamani limeoza chini, jana nimenunua jingine soko kuu. Mama yupo hapa mlangoni analitoboa kwa msumari na ananikazania matundu yasiwe makubwa, anasema zile ndogo zitadondokea motoni, na hizo nazo zina mtu wake anazisubiri Morogoro.