Mahali pa Sabufa Kwanza, Waya Baadaye

Sebule yangu ina umbo la herufi L. Mlango umekaa kwenye kona ambayo ingefaa sabufa (spika ya kupiga besi), dirisha linakaribia sakafu upande wa pili, na soketi ziko mbali na mahali ninapoketi. Katika chumba cha namna hiyo watu wengi huiweka sabufa pale umeme ulipo, kisha huilaumu kwa kunguruma ovyo au kwa kukosa besi. Naamini kwa dhati kwamba mahali pa sabufa panapaswa kuamuliwa na sikio, na waya ufuate.

Sauti husafiri hewani kwa takriban mita 343 kwa sekunde, hivyo wimbi la 40 Hz, yaani mitetemo 40 kwa sekunde, lina urefu wa mita 8 na nusu hivi, yaani linazidi urefu wa sebule nyingi. Wimbi hilo hugonga ukuta na kurudi, likakutana na lile linalokwenda; mahali pengine yanaongezeana nguvu, pengine yanafutana. Kati ya kuta mbili zilizoachana kwa mita 5, hali hiyo huanza kujitokeza karibu na 34 Hz, ambapo besi hujaa kwenye kuta zenyewe na kufifia katikati, ndiyo maana kochi lililo katikati kabisa ya chumba huwa mahali pabaya pa kusikilizia. Chumba cha mstatili mtu anaweza kukikadiria kwa kalamu na karatasi. Chumba cha umbo la L hakikubali hesabu nyepesi kama hiyo.

Njia ninayoitegemea ni kubadilishana nafasi na sabufa: inawekwa juu ya kochi, pale pale ninapoketi, kisha napiga muziki wenye gitaa la besi linalopanda na kushuka noti moja moja, nami natambaa kando ya kuta huku sikio langu likiwa kwenye kimo cha spika. Jambo hili linafaa kwa sababu chumba huibadilisha sauti kwa namna ileile, iwe inatoka kwenye kochi kwenda ukutani au ukutani kuja kwenye kochi. Ndani ya kona, noti mbili tatu huvimba na kuendelea kuvuma hata baada ya mpigaji kuzikata, zikameza zinazofuata. Ukisogea hatua moja au mbili kando ya ukuta, noti zilizopotea hurejea na kila moja husikika ikianza na kuisha. Kona hutoa kishindo kikubwa zaidi, na mwenye sabufa ndogo anaweza kukihitaji, lakini mimi huchagua mahali ambapo noti zinalingana.

Mahali pakishajulikana, ndipo ninapopima waya. Sabufa yenye amplifaya ndani yake huhitaji waya wa umeme na waya wa RCA, ule unaoiletea sauti kutoka kwenye amplifaya ya muziki, wenye ngao dhidi ya mwingiliano. Urefu wa mita 10 si tatizo kwa masafa (idadi ya mitetemo kwa sekunde) haya ya chini. Waya wa umeme usipitishwe chini ya zulia, kwani hupata joto na kuchubuka bila mtu kuona. Nyaya hizo mbili zisifuatane kwa karibu, na zikilazimika kukutana, zikatane kwa pembe ya nyuzi 90.

Ukisikia mvumo usiokoma, chomoa RCA kwenye sabufa: mvumo ukinyamaza, chanzo kiko kwenye waya huo au kwenye muunganiko wa ardhi (earth) kati ya vifaa, na mara nyingi kuchomeka sabufa na amplifaya kwenye soketi moja hutosha. Kamwe usikate pini ya ardhi ya plagi ili kuuondoa mvumo, kwa kuwa pini hiyo inalinda uhai wa mtu.

Kikomo cha masafa, yaani sauti ya juu kabisa inayoachiwa sabufa, nakiweka karibu na 80 Hz, kisha mtu mwingine ananigeuzia swichi ya fezi (inayogeuza mwelekeo wa mtetemo wa sabufa) kati ya nyuzi 0 na 180 nikiwa nimeketi. Upande unaojaza zaidi besi inayopokezana na spika kubwa ndio unaobaki. Vibanio vya kushikiza waya ukutani napigilia mwisho kabisa, baada ya kusikiliza muziki wa aina mbalimbali kwa siku kadhaa.