Siku niliyobofya ndizi ikagoma kutoka

Ilikuwa 2015, niko fildi Morogoro, kwenye wale panya buku wanaofundishwa kunusa mabomu ya ardhini na TB. Kazi yangu ilikuwa moja tu, unakaa na panya mtoto, unabofya kidude kinalia tik, hapohapo unamlisha ndizi iliyopondwa kwa bomba la sindano, tik ndizi, tik ndizi, asubuhi nzima. Siku za mwanzo ile tik haikumhusu kabisa, alikuwa bize na kona ya kizimba, anachangamka ndizi ikishamgusa mdomo. Zikapita siku kadhaa, ikilia tu huyo anakuja mbio, masharubu yanacheza, vidole vimeshika waya.

Sasa siku hiyo nimebofya, kaja, nasukuma bomba hakitoki kitu, kumbe kinyuzi cha ndizi kimeziba. Akalamba ncha, akalamba tena, kisha akatulia, hata masharubu yakaacha kucheza. Sekunde chache tu lakini iliniuma jamani. Dada aliyekuwa ananielekeza akanipa bomba lake haraka, akaniambia, "Mdogo wangu, ukishabofya lazima umlipe, hata kama umebofya kwa bahati mbaya."

Usiku geto nikafungua noti za fiziolojia, mambo ya Wolfram Schultz, mtafiti wa ubongo, ambayo nilikuwa nimeyakariri ya mtihani tu. Huyu alisikiliza seli mojamoja za dopamini, zile za ubongo wa kati, kwa tumbili. Mwanzoni tone la juisi likija bila kutegemewa seli zinarusha umeme kwa kasi. Tumbili akishazoea kwamba taa ikiwaka juisi inafuata, seli zinahamia kwenye taa, juisi yenyewe ikifika zinaendelea na mwendo wao wa kawaida. Na juisi isipokuja, muda uleule ilipotakiwa kufika, zinanyamaza. Hapo ndo nikaelewa, maana miaka yote nilijua dopamini ni kemikali ya raha, basi, kumbe seli zile zinalinganisha alichotegemea mnyama na alichopata, ndo hoja ya makala ya Schultz na wenzake Dayan na Montague ya 1997. Nikawa namuona yule mtoto alivyotulia pale kwenye waya.

Kesho yake niliwahi kuliko wote, nikaponda ndizi upya nikaichuja na chujio la chai, nikajaribu bomba kiganjani mara mbili, ndo nikashika kidude.

Tik. Akaja mbio.