Jinsi Nilivyoiwezesha Modemu ya Simu Kufanya Kazi kwenye Linux

Mwaka 2006 nilikuwa nikiishi Morogoro na kufanya kazi ya kutafsiri nyaraka, kazi ambayo haiendi bila barua pepe. Nyumba niliyopanga ilikuwa na simu ya mezani, na kompyuta yangu ya mkononi ilikuwa na tundu la kuchomeka waya wa simu ubavuni. Kwa hiyo njia niliyoimudu ya kupata intaneti bila kutoka nyumbani ilikuwa kumpigia simu mtoa huduma kwa kutumia modemu, kifaa kinachopitisha data ya kompyuta kwenye waya wa simu. Kompyuta hiyo niliiwekea Debian 3.1, mojawapo ya mifumo endeshi ya Linux, toleo lililotoka Juni 2005, nami sikuwa tayari kurudi kwenye Windows kwa sababu ya modemu peke yake. Naeleza hapa namna nilivyofanikiwa, kwa kirefu pale palipokuwa na ugumu na kwa kifupi pale palipokuwa rahisi, kwa kuwa wakati ule nilitamani mno kupata maelezo ya namna hii katika lugha yangu.

Jambo ambalo hadi leo naliona kubwa kuliko yote ni kwamba mtu anaposema modemu haifanyi kazi, huwa anayafunika kwa neno moja mambo manne yaliyo mbalimbali: kompyuta kuitambua modemu, modemu kupiga simu na kupatana na modemu ya upande wa pili, programu ya PPP (utaratibu wa kupitisha intaneti kwenye simu) kukubaliwa jina na nywila, na hatimaye kerneli, yaani kiini cha Linux, kujua kwamba pakiti zote (vipande vya data) ziendazo nje zipitie kwenye simu. Kila moja lina dalili zake na dawa yake. Nilijiwekea sharti la kutogusa hatua inayofuata mpaka hatua iliyotangulia imenijibu bila shaka yoyote, na sharti hilo ndilo lililonifikisha.

Nilianza kwa kuitafuta modemu yenyewe. Amri ya lspci huorodhesha vifaa vilivyounganishwa kwenye basi ya PCI, yaani njia ya ndani ya kupitishia data, na katika orodha hiyo niliona mstari uliotaja Intel 82801DB na maneno AC'97 Modem Controller. Mstari huo mmoja ulikuwa na habari nyingi kuliko chochote kilichoandikwa kwenye boksi au kwenye lebo iliyo chini ya kompyuta, kwa sababu mtengenezaji mmoja wa kompyuta anaweza kuuza modemu za aina tatu chini ya jina moja la biashara, na Linux haijali jina la biashara bali chipu. Nilichokigundua ni kwamba modemu yangu haikuwa modemu kamili. Modemu kamili, kama zile za nje zinazochomekwa kwenye poti ya siriali, ina chipu yake ya kugeuza data kuwa sauti na sauti kuwa data, na pia ina kidhibiti chake kinachoelewa amri za AT, zile fupi za kuiongoza modemu ambazo kampuni ya Hayes ilizianzisha mwaka 1981. Modemu ya ndani ya kompyuta nyingi za miaka ile haikuwa na vitu hivyo. Ilikuwa sawa na kadi ya sauti iliyounganishwa na waya wa simu, na kazi yote ya kukokotoa iliachiwa prosesa kuu kupitia programu iliyoandikwa kwa ajili ya Windows. Ndiyo maana watu waliziita winmodemu, na ndiyo maana Linux iliyotoka moja kwa moja kwenye CD haikuweza kuzitumia.

Kwa chipu ya aina yangu dawa ilikuwapo. Kerneli ya 2.6 ilikuwa na moduli iitwayo snd-intel8x0m, ambayo huishughulikia modemu ya AC'97 kama kifaa cha sauti chini ya mfumo wa sauti wa Linux uitwao ALSA, na kampuni ya Smart Link ilikuwa imetoa programu iitwayo slmodemd inayofanya ile kazi ya kukokotoa. Nilipotazama faili la /proc/asound/cards niliona kadi mbili: kadi namba 0 ikiwa ya sauti ya kawaida na kadi namba 1 ikiwa na neno Modem. Hapo nilijua kwamba upande wa kerneli hakuna tena kilichopungua.

Kilichobaki ni kuipata slmodemd, na hapa pana ugumu ambao kila aliyepita njia hii anaufahamu, yaani kuhitaji intaneti ili upate kitu cha kukuwezesha kuingia kwenye intaneti. CD rasmi za Debian wakati ule hazikubeba programu zisizo huru, na slmodemd ilikuwa mojawapo, kwa kuwa sehemu yake muhimu, faili liitwalo dsplibs.o, ilitolewa ikiwa tayari imekompailiwa, yaani imegeuzwa kuwa lugha ya mashine, bila msimbo wake asilia. Nilikwenda kwenye kafe ya intaneti mjini, nikapakua furushi la msimbo kwenye flashi, na kabla ya kuondoka nikaisoma README, faili la maelekezo, yote palepale ili nijue ni vitu gani vingine vitahitajika. Lilikuwa jambo la maana sana, kwa sababu ilieleza kwamba ili programu itumie ALSA ni lazima ikompailiwe kwa make SUPPORT_ALSA=1, na kwamba kompyuta iwe na vichwa vya maktaba ya ALSA, yaani faili zinazohitajika wakati wa kukompaili. Vichwa hivyo, pamoja na gcc na make, zana za kukompaili, vilikuwamo kwenye CD nilizokuwa nazo nyumbani, hivyo sikulazimika kurudi mjini.

Baada ya kukompaili, nikiwa na mamlaka ya root, yaani msimamizi wa mfumo, niliendesha slmodemd --alsa hw:1, nayo ikajibu kwamba imetengeneza kiungo cha /dev/ttySL0 na kwamba kiungo hicho ndicho kitumike kama modemu. Wakati huohuo niliisoma orodha ya nchi kwa slmodemd --countrylist, maana programu hiyo huweza kupewa nchi ili ifuate tabia za simu za mahali husika.

Hatua ya pili niliifanya kwa minicom, programu inayomruhusu mtu kuongea na modemu kwa mkono wake mwenyewe. Niliielekeza kwenye /dev/ttySL0, nikaandika AT, nikabonyeza Enter, na modemu ikajibu OK. Namsihi yeyote anayeanza asiruke hatua hii na kukimbilia programu zenye madirisha mazuri, kwa sababu herufi hizo mbili humaliza mjadala wa kama modemu ipo au haipo. Nilipoandika ATDT, amri ya kupiga simu, na namba ya mtoa huduma, jibu lilikuwa NO DIALTONE, ilhali simu ya mezani kwenye waya uleule ilikuwa ikitoa mlio kama kawaida. Sababu ni kwamba modemu husubiri mlio wenye masafa na mpangilio inaoutazamia, na mlio wa kituo cha simu cha mahali fulani ukitofautiana na huo, modemu hudhani waya hauna uhai. Amri ya ATX3 huiambia isisubiri mlio bali ipige moja kwa moja. Ofisini, ambako mtu hubonyeza 9 kwanza ili apate laini ya nje, huongezwa pia alama ya mkato baada ya 9 ili modemu itulie kwa sekunde mbili kabla ya kuendelea na namba.

Kabla ya kumpigia tena mtoa huduma nilifanya jaribio moja ambalo lilinisaidia kuliko nilivyotarajia: niliiagiza modemu ipige simu yangu ya mkononi. Modemu yangu haikutoa sauti yoyote kwenye spika, hivyo nisingejua kwa masikio kama inapiga au la. Lakini simu ya mkononi ilipolia na kuonyesha namba ya nyumbani, nikaipokea na kusikia ule mlio mwembamba wa modemu, nilipata uhakika kwamba waya, tundu, programu na amri ya kupiga vyote viko sawa. Baada ya hapo namba ya mtoa huduma ilijibu, na kwenye skrini pakatokea CONNECT pamoja na tarakimu za kasi.

Kwa hatua ya tatu nilitumia wvdial, ambayo mipangilio yake hukaa katika faili moja tu, /etc/wvdial.conf. Humo niliandika modemu kuwa /dev/ttySL0, nikaweka ATX3 miongoni mwa amri za kuanzia, kisha namba ya simu, jina la mtumiaji na nywila. Mistari miwili inastahili kutajwa kwa namna ya pekee. Wa kwanza ni Carrier Check = no, ambao ni wa lazima kwa slmodemd kwa sababu /dev/ttySL0 si poti halisi na haina waya wa kuonyesha kwamba mawasiliano yapo; bila mstari huo wvdial hukata simu nzuri kabisa ikidhani imekwisha kukatika. Wa pili ni Stupid Mode = 1, ambao huiagiza wvdial ianzishe pppd, programu inayoendesha PPP, mara tu baada ya CONNECT bila kusubiri upande wa pili uulize jina. Mtoa huduma wangu hakuwa akiuliza chochote kwa maandishi. Utambulisho wote ulifanyika ndani ya PPP kwa njia ya PAP, ambayo hutuma jina na nywila moja kwa moja, na kabla sijaweka mstari huo pande mbili zilikuwa zikisubiriana mpaka simu ikakatwa. Baada ya kuuweka, pppd iliripoti anwani ya IP ya kwangu, anwani ya upande wa pili, na anwani za seva za DNS, zile zinazogeuza majina ya tovuti kuwa anwani.

Hata hivyo hakuna ukurasa uliofunguka, na hapa ndipo nionapo watu wengi wakirudi nyuma na kuanza kuilaumu modemu ambayo imeshamaliza kazi yake. Nilifanya ping, jaribio la kutuma pakiti na kusubiri jibu, kwa anwani ya upande wa pili wa PPP, ikajibu. Nilifanya ping kwa anwani ya seva ya DNS, haikujibu. Maana yake ni kwamba simu inapitisha pakiti, ila pakiti za mbali hazijui kwamba zipite kwenye simu. Katika /var/log/syslog palikuwa na ujumbe wa pppd uliosema kwamba haitaibadilisha njia kuu iliyokuwapo kwenye eth0, yaani kadi ya mtandao wa waya. Kompyuta ile niliwahi kuitumia ofisini kwenye mtandao wa waya, na katika /etc/network/interfaces mstari wa gateway, yaani lango la kutokea nje, ulikuwa bado upo, kwa hiyo kila nilipoiwasha kerneli iliendelea kuelekeza kila kitu kwenye kadi isiyo na waya wowote. Pppd kwa tabia yake huiheshimu njia kuu iliyoitangulia. Niliuondoa mstari huo, nikafuta njia ya zamani kwa route del default, nikapiga simu upya, na mara hii route -n ilionyesha ppp0 kuwa ndiyo njia kuu. Ukurasa wa kwanza ukafunguka polepole, mstari baada ya mstari, nami nikafurahi kupita kiasi.

Suala la kasi nalo lina mengi. Kiwango cha modemu kiitwacho V.90 huahidi kilobiti 56 kwa sekunde za kupokea na 33.6 za kutuma, lakini ahadi hiyo hutegemea waya safi, na pia sauti igeuzwe mara moja tu kati ya analogi na dijitali njiani. Waya wa kwetu ulikuwa na kelele, hasa nyakati za mvua. Modemu ilikuwa ikiunganisha kwa 44000 na zaidi, kisha inadumu dakika chache na kukatika. Kwa amri ya AT+MS niliielekeza itumie V.34 badala ya V.90, ikawa inaunganisha kwa 28800 au 31200 na kudumu mpaka niikate mwenyewe. Kwa mtu anayelipia kila dakika, na ambaye kila kukatika kunamlazimu alipie upya muda wa kuunganishwa, kasi ndogo inayodumu ina faida kubwa zaidi, na barua yenye kiambatisho kikubwa hufika.

Si kila chipu ina bahati ya namna hii. Modemu za Lucent zilikuwa na draiva yake (programu ya kuendesha kifaa), ltmodem. Za Conexant zilikuwa na draiva ya Linuxant ambayo bila kununuliwa ilifungwa kwenye kasi ya kilobiti 14.4 tu. Rafiki aliyekuwa na kompyuta ya mezani yenye chipu isiyo na draiva kabisa nilimshauri atafute modemu ya nje ya poti ya siriali, hata iwe ya mtumba. Alipoipata tuliichomeka, tukaandika /dev/ttyS0 mahali pa /dev/ttySL0, tukaondoa mstari wa Carrier Check, na kila kitu kikafanya kazi bila kukompaili chochote. Mwenye nafasi ya kuchagua na achague hiyo.

Kwangu mimi kilichobaki kilikuwa kuzipangilia dakika. Niliandika barua zote bila kuunganishwa, zikasubiri kwenye foleni ya Exim, programu ya kutuma barua, na katika /etc/ppp/ip-up.d niliweka skripti fupi inayoendesha runq (inayotuma foleni hiyo) na fetchmail (inayoleta barua) mara tu PPP inaposimama, hivyo barua zilitoka na kuingia bila mimi kugusa kitu. Katika mipangilio ya pppd niliongeza idle 300 ili simu ijikate yenyewe baada ya dakika tano za ukimya. Kwa programu kubwa sikuitumia simu hata kidogo: apt-get --print-uris iliniandikia anwani za mafurushi yote yaliyohitajika, nikaibeba orodha hiyo kwenye flashi hadi kafe ya mjini, nikayapakua huko kwa wget -c na kuyasakinisha nyumbani.