Kodi nafuu, nauli ya kutisha

Nilipoitwa kazini eneo jingine, kitu cha kwanza nilichofanya ni kuzama mtandaoni kutafuta wapi maisha ni nafuu. Nikakuta fahirisi ya gharama za maisha: New York imepewa alama 100, miji mingine yote inapimwa kwa hiyo. Kule nilikoitwa kulikuwa chini ya huku kwa alama kadhaa. Nikaanza kufunga mizigo kichwani. Wiki ikaisha ndipo nikasoma maandishi madogo chini ya jedwali: alama ile haikujumuisha kodi ya nyumba. Yaani kile kinachokula karibu theluthi ya mshahara wangu hakikuwemo!

Hapo nikaanza kujiuliza kapu lililopimwa, yaani orodha ya vitu ambavyo bei zake huhesabiwa, ni la nani. Baadhi ya orodha maarufu hutengenezwa kwa ajili ya kampuni zinazopeleka wafanyakazi nchi za nje, na hayo si maisha yangu. Kapu la takwimu za taifa nalo ni la kaya ya wastani. Tangu 1857 Mjerumani Ernst Engel alionyesha kuwa kaya ikiwa na kipato kidogo, sehemu kubwa zaidi ya kipato hicho huishia kwenye chakula. Kwa hiyo chakula kikipanda, mimi na mwenye mshahara mara tatu ya wangu hatuumii sawa, hata kama tunaishi mtaa mmoja.

Nikachukua daftari. Nikaorodhesha matumizi yangu ya miezi mitatu, si ya kukisia, bali yaliyomo kwenye jumbe za malipo kwenye simu (aibu niliyoipata humo naomba tusiijadili). Kisha kila gharama nikaigawa kwa mshahara wa saa moja baada ya makato: za huku kwa mshahara wa huku, za kule kwa mshahara wa kule, ambao ulikuwa mdogo kidogo. Sasa kila kitu kikawa kinasomeka kwa saa za kazi.

Kodi ya huku ilikuwa saa 52 kwa mwezi, ya kule 44. Safi. Ila nyumba za bei hiyo zilikuwa mbali na kazini, na nauli ikaruka kutoka saa 9 hadi 24. Jumla huku 61, kule 68. Na hapo sijagusa muda wa kukaa barabarani.

Bei za kule nilizipata kwa kupiga simu. Ukimuuliza mtu "maisha ya huko yakoje?" atakujibu "magumu tu", na hujapata kitu. Nikabadili swali: "Mwezi uliopita ulilipia nini ambacho hukukipangia?" Mmoja akacheka, akasema maji, bomba likikauka ananunua ya gari. Kwenye majedwali yote niliyosoma, sikuona safu ya bomba kukauka.

Mwishowe nilihama, ila nikapanga karibu na kazi: kodi saa 55, nauli 4. Chumba ni kidogo kuliko nilichokiacha, kabati halikuingia.

Baada ya miezi sita nikafungua tena daftari. Kodi na nauli nilipatia. Kwenye "mengineyo" nilikuwa nimeandika saa 5. Zikatoka 13, karibu zote ni safari za kurudi kwenye harusi na misiba. Safari hizo nimezichorea safu yake.